Chanzo cha magonjwa ya akili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nadharia zake

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa saikolojia, uuguzi na ustawi wa jamii, walimu wa ushauri nasaha, na familia zenye mgonjwa nyumbani ambazo zimechoka kuambiwa "ni mawazo tu".

Kwa nini nadharia ni nyingi hivi? Hakuna jibu moja?

Neno "chanzo" limebeba maswali manne kwa mkupuo. Nyumba ya makuti ikiungua, mmoja atasema makuti yalikuwa makavu, wa pili atasema kibatari kilianguka, wa tatu atalaumu upepo, wa nne atasema kisima kiko mbali. Wote wanne wamesema kweli.

Kwenye ugonjwa wa akili ni hivyohivyo. Kuna kinachomweka mtu karibu na ugonjwa tangu mwanzo, kuna kinachouwasha, kuna kinachouendeleza baada ya kuwaka, na kuna kinachokinga. Nadharia ya vinasaba hujibu swali la kwanza. Nadharia ya matukio ya maisha hujibu la pili. Nadharia ya tabia, ile inayosema kukwepa hukuza hofu, hujibu la tatu. Ugomvi mwingi wa vitabuni ni wa watu wanaojibu maswali tofauti wakidhani wanapingana. Ukisoma nadharia yoyote hapa chini, jiulize kwanza inajibu swali lipi kati ya hayo manne.

Tunajuaje kwamba tatizo si ugonjwa wa mwili?

Kwa kupima kabla ya kutoa nadharia. Hili ndilo kosa linaloua watu.

Mwanzoni mwa karne ya 20, hospitali za akili za Ulaya zilijaa watu waliopoteza kumbukumbu, waliojiona wafalme, waliopooza kidogokidogo hadi kufa. Walielezwa kwa ulevi, uasherati na tabia dhaifu. Mwaka 1913 Noguchi na Moore walionyesha vijidudu vya kaswende ndani ya ubongo wa wagonjwa hao, na penisilini ilipopatikana, ugonjwa huo ukawa adimu katika wodi za akili.

Leo orodha ya kuangalia ni fupi, na sehemu kubwa yake inafanyika hata kwenye kituo cha afya: kipimo cha malaria, sukari ya damu, VVU, kaswende, wingi wa damu, na inapowezekana homoni za tezi ya shingo. Uliza pia dawa anazotumia. Efavirensi, iliyotumika miaka mingi kwa wenye VVU, huweza kuleta ndoto mbaya, wasiwasi na hata kuona visivyokuwepo. Meflokwini ya malaria nayo ina sifa hiyo.

Dalili zinazopaswa kukutia shaka kwamba ni mwili: mabadiliko yameanza ndani ya saa au siku chache, mgonjwa hajui yuko wapi wala ni saa ngapi, hali inapanda na kushuka ndani ya siku moja, ana homa, anaona vitu badala ya kusikia sauti tu, au ana zaidi ya miaka 50 na hajawahi kuumwa akili. Mama aliyejifungua akianza kuchanganyikiwa ndani ya wiki mbili za kwanza, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Hutokea kwa wazazi 1 hadi 2 kati ya 1,000, na usisubiri aonyeshwe kwa wazee kwanza.

Ni kweli magonjwa ya akili hurithiwa?

Kinachorithiwa ni uwezekano. Ugonjwa wenyewe haukabidhiwi kama shamba.

Chukua skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo na kushikilia imani potofu, ambao umechunguzwa kuliko mengine. Katika watu wa kawaida, mtu mmoja hivi kati ya 100 huipata maishani. Mwenye mzazi mmoja mgonjwa, hatari hupanda hadi takriban 1 kati ya 10. Pacha asiyefanana na mwenzake ana hatari ya 10% hadi 17%. Pacha wa kufanana, ambaye vinasaba vyake na vya mwenzake ni vilevile, ana hatari ya 40% hadi 50%. Soma namba hiyo ya mwisho mara mbili. Inaonyesha kwamba vinasaba vina nguvu kubwa, na papo hapo inaonyesha kwamba havitoshi, maana nusu ya mapacha hao hawaugui.

Lakini mapacha hulelewa pamoja, kwa hiyo mtu anaweza kusema kinachofanya kazi ni malezi. Swali hilo lilijibiwa na Leonard Heston mwaka 1966 huko Oregon, Marekani. Alifuatilia watoto 47 waliozaliwa na mama wenye skizofrenia hospitalini na kutenganishwa nao ndani ya siku tatu za kwanza. Watano waliugua. Katika kundi la kulinganisha la watoto 50, waliotenganishwa vilevile na mama wasio na ugonjwa huo, hakuna hata mmoja.

Hakuna "jeni la uwendawazimu". Uchunguzi mkubwa wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulipata maeneo 287 kwenye vinasaba yanayohusiana na skizofrenia, kila moja likichangia kiasi kidogo sana. Anayekuuzia kipimo cha damu cha kutabiri ugonjwa wa akili wa mwanao anakuibia.

Nimesoma kwamba skizofrenia hurithiwa kwa 80%. Maana yake mtoto wangu ana hatari ya 80%?

Hapana, na hata wahitimu huteleza hapa. Namba hiyo inaeleza tofauti kati ya watu katika jamii fulani: ni sehemu gani ya tofauti hizo inaelezeka kwa vinasaba. Haimwelezi mtu mmoja. Urefu wa mwili nao hurithiwa kwa takriban 80%, lakini mtoto mwenye utapiamlo atadumaa hata kama baba yake ni mrefu kama mnazi. Kama wewe au mzazi mwenzako ana skizofrenia, hatari ya mtoto wako ni ile 1 kati ya 10, na wengi wa wenye skizofrenia hawana mzazi mwenye ugonjwa huo.

Kwa sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, urithi ni mdogo zaidi: karibu 37%. Kwa bipola, ugonjwa wa hisia kupanda kupita kiasi na kushuka, ni mkubwa, karibu na ule wa skizofrenia.

Na "kemikali za ubongo kutokuwa sawa" je?

Maelezo haya yanapendwa kwa sababu ni rahisi na hayamlaumu mtu. Tatizo ni kwamba yalijengwa kinyumenyume, kutoka kwenye dawa kwenda kwenye ugonjwa. Mwaka 1952 klopromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Paris, ikawatuliza waliokuwa wakisikia sauti. Baadaye ikagunduliwa kwamba huzuia dopamini, moja ya kemikali hizo. Wakati huohuo ilijulikana kwamba amfetamini, inayoongeza dopamini, ikitumiwa sana humfanya mtu mwenye akili timamu aanze kusikia sauti na kudhani anafuatwa. Hapo nadharia ya dopamini ikazaliwa, na kwa dalili hizo za sauti na imani potofu bado inasimama vizuri. Kwa dalili nyingine za skizofrenia, kama kupoa, kukosa ari na kujitenga, haisaidii sana, na dawa zenyewe hazizigusi sana.

Kwa sonona hali ni dhaifu zaidi. Dawa zinazoongeza serotonini hufanya hivyo ndani ya saa chache, lakini mgonjwa huanza kupata nafuu baada ya wiki 2 hadi 6. Upungufu wa serotonini ungekuwa ndio ugonjwa wenyewe, nafuu ingefika jioni hiyohiyo. Maelezo yanayokubalika zaidi sasa ni kwamba dawa huanzisha mabadiliko ya polepole katika jinsi seli za ubongo zinavyoungana na jinsi mtu anavyopokea mambo mazuri na mabaya.

Onyo kwa wanaosoma haya na kutupa vidonge: panadoli huondoa maumivu ya kichwa, na hakuna anayesema kichwa kiliuma kwa upungufu wa panadoli. Dawa inaweza kufanya kazi hata kama hadithi ya kwa nini inafanya kazi ni mbovu. Usiache ghafla. Punguza kwa mpango na daktari, kwa wiki kadhaa.

Freud bado anafundishwa? Si amepitwa na wakati?

Anafundishwa, na sehemu kubwa imepitwa na wakati. Sigmund Freud alisema dalili ni mgogoro uliofukiwa: matamanio, dhamiri inayokataza, na nafsi iliyobanwa katikati, mgogoro ukitoka kwa mlango wa nyuma kama hofu, kupooza kusikoeleweka, au huzuni. Ugumu ni kuipima. Mgonjwa akikubali tafsiri, nadharia imethibitika. Akikataa, anaambiwa "anapinga", na nadharia imethibitika tena.

Kilichobaki ni mambo mawili mazito. La kwanza, mtu hana habari na mengi yanayomwendesha. La pili ni wazo lake la mwaka 1917 kwamba sonona inafanana na msiba, ila mwenye msiba huona dunia imekuwa tupu, na mwenye sonona huona yeye mwenyewe ndiye mtupu. Yeyote aliyekaa na mgonjwa wa sonona anajua tofauti hiyo. Mfiwa husema "nimempoteza". Mwenye sonona husema "mimi ni mzigo".

Hofu hufundishwa? Na kwa nini haiishi yenyewe?

Mwaka 1920 wanasaikolojia Watson na Rayner walimtisha mtoto mchanga aliyepewa jina la Albert kwa kugonga chuma nyuma yake kila alipogusa panya mweupe. Baada ya mara saba akawa analia akimwona panya tu. Jaribio hilo lisingepita kwenye kamati yoyote ya maadili leo. Lilionyesha kwamba hofu inaweza kufundishwa, lakini halikueleza kwa nini inadumu. Jibu la hilo lilitoka kwa mwanasaikolojia Mowrer mwaka 1947, kwamba kukwepa ndiko kunakoidumisha, na ndilo lenye faida kubwa zaidi kwa anayetibu.

Tazama mfano huu kwa karibu. Mtu yuko kwenye daladala iliyojaa, saa kumi na mbili jioni, amesimama, joto kali. Moyo unaenda mbio. Anawaza: "Nakufa, moyo wangu huu." Wazo hilo linatoa adrenalini, moyo unazidi. Anapumua harakaharaka, hewa ya kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, na hiyo peke yake huleta kizunguzungu, ganzi ya vidole na kubanwa kifua. Anahisi dalili hizo, anaziona kama ushahidi kwamba anakufa kweli. Mzunguko umefunga. Mwanasaikolojia David Clark aliuchora mzunguko huu mwaka 1986.

Sasa anapiga kelele "shusha!" na kushuka kituo ambacho si chake. Ndani ya dakika tano ametulia. Hapa ndipo kosa linapofanyika: mwili umejifunza kwamba kushuka kumeokoa maisha. Hakupata nafasi ya kugundua kwamba hata angebaki, wimbi lingepanda, likafika kilele ndani ya dakika kama 10, na kushuka lenyewe. Kesho hofu inaanza kituoni kabla ya kupanda. Wiki ijayo anatembea kilomita sita. Mwezi ujao hatoki nyumbani.

Kwa hiyo tiba hupambana na huko kukwepa. Orodhesha hali kumi kuanzia nyepesi hadi ngumu, anza na ile yenye hofu ya 3 au 4 kati ya 10, kaa ndani yake hadi hofu ipungue karibu nusu, rudia mara kadhaa kabla ya kupanda ngazi. Kinachoharibu kazi ni "vilinzi" vidogo: chupa ya maji mkononi, simu yenye namba ya daktari tayari, kusimama mlangoni kila mara, kumeza kidonge cha kutuliza kabla ya kupanda. Mtu anapita zoezi zima na kuhitimisha kwamba chupa ndiyo iliyomwokoa.

Je, "mawazo mengi" ni ugonjwa?

Wazungumzaji wa Kiswahili husema "ana mawazo" wakimaanisha kitu kilicho karibu sana na sonona na wasiwasi. Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Aaron Beck wa Philadelphia alifikia hapohapo kwa njia nyingine miaka ya 1960. Alitarajia kuthibitisha nadharia ya Freud kwamba sonona ni hasira iliyogeuziwa ndani, akakuta ndoto na maneno ya wagonjwa wake yamejaa kushindwa na kupoteza. Akaeleza pande tatu za mawazo hayo: mimi sifai, dunia ni ngumu, kesho haitabadilika.

Nadharia hii inajibu zaidi swali la kinachoendeleza. Bado kuna ubishi kama mawazo hayo hutangulia sonona au huja nayo. Lakini faida yake inaonekana: Harare, mradi wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda uliwafunza wahudumu wa jamii, kina bibi, kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja kati ya yote na kulitafutia hatua. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha dalili zilipungua zaidi kwa waliokaa benchini kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Je, ni kosa la mama? Wengine husema malezi ndiyo yaliyomharibu.

Nadharia hii imewaumiza watu wengi kuliko ilivyowasaidia. Mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann aliandika kuhusu mama "anayezaa skizofrenia" kwa ubaridi na ukali wake. Baadaye kina mama wa watoto wenye usonji wakaitwa "friji". Ushahidi haukupatikana. Watafiti walikuwa wakitazama mama waliochoka kulea mtoto mgonjwa na kudhani uchovu huo ndio uliomwuguza.

Kilichothibitika ni kingine kabisa: hali ya nyumbani huathiri kurudi kwa ugonjwa baada ya mgonjwa kutoka hospitalini. George Brown na wenzake London walipima lawama, uhasama na kuingilia kupita kiasi kwa kusikiliza jinsi ndugu wanavyomzungumzia mgonjwa. Ukijumlisha tafiti 25 za baadaye, karibu 50% ya wagonjwa waliorudi kwenye nyumba zenye viwango vya juu waliugua tena, dhidi ya karibu 20% kwenye nyumba tulivu. Hatari zaidi ni pale mgonjwa na ndugu mwenye lawama wanapokuwa uso kwa uso zaidi ya saa 35 kwa wiki.

Kwa hiyo ushauri kwa familia: punguza saa hizo. Mgonjwa awe na kazi ndogo nje ya nyumba, hata kumsaidia jirani dukani. Badala ya "we mvivu, unalala tu", sema "saa nne naomba uchote ndoo mbili". Mtu mmoja aongee kwa wakati mmoja. Mwanaanthropolojia Juli McGruder, aliyefanya utafiti na familia za wagonjwa Zanzibar, alieleza jinsi imani ya masheitani inavyoweza kupunguza lawama hizo: aliyesema matusi ni sheitani, si Fulani, na akitulia anarudishiwa nafasi yake mkekani bila kesi.

Maisha magumu yanatosha kumfanya mtu augue?

Mara chache peke yake. Brown huyohuyo na Tirril Harris walichunguza wanawake wa Camberwell, kusini mwa London, na kuchapisha matokeo mwaka 1978. Wengi wa waliopata sonona walikuwa wamekumbwa na tukio zito miezi iliyotangulia, kama kufiwa, kuachwa au kufukuzwa nyumba. Lakini kati ya waliokumbwa na matukio hayo, takriban mmoja kati ya watano tu ndiye aliyeugua. Waliougua zaidi walikuwa na baadhi ya mambo manne: mama alifariki kabla ya wao kufika miaka 11, watoto watatu au zaidi chini ya miaka 14 nyumbani, hakuna kazi ya mshahara, na hakuna mtu wa karibu wa kumweleza siri. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa na uzito mkubwa.

Utoto una sehemu yake. Utafiti wa shirika la afya la Kaiser Permanente huko San Diego, Marekani, uliochapishwa mwaka 1998, uliwauliza watu wazima kuhusu aina saba za mateso ya utotoni, kama vipigo, kudhalilishwa kingono, na mlevi nyumbani. Waliotaja aina nne au zaidi walikuwa na hatari ya ulevi, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wasiotaja hata moja. Kumbuka walikuwa wakikumbuka ya zamani, na mwenye huzuni hukumbuka mabaya zaidi. Hata hivyo tafiti zilizofuatilia watoto kwa miaka zinaelekea upande huohuo.

Bangi inasababisha kichaa?

Kwa wavutaji wengi, hapana. Kwa walio na udhaifu wa awali, wanaoanza mapema na kuvuta sana, hatari ni ya kweli. Vijana zaidi ya 45,000 wa jeshi la Sweden walifuatiliwa kwa miaka 15, na waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipofika miaka 18 walilazwa kwa skizofrenia mara sita kuliko wasiovuta. Baadhi ya tofauti hiyo ilipungua walipohesabu matatizo waliyokuwa nayo kabla, lakini haikuisha.

Pepo, majini na uchawi je?

Haya nayo ni nadharia za chanzo, na familia nyingi huanza nayo kabla ya kufika zahanati. Ukimwambia mama wa mgonjwa kwamba imani yake ni upuuzi, ataondoka na mgonjwa wake. Swali lenye faida ni: maelezo hayo yanaelekeza kufanya nini? Yakielekeza sala, duwa, ndugu kukusanyika na kusameheana, yanaweza kwenda sambamba na dawa. Yakielekeza minyororo, vipigo, moshi wa kuvuta, kulazimishwa kukaa bila kula kwa siku nyingi au kuacha vidonge, hapo sema hapana bila kuzunguka.

Jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: mgonjwa wa bipola anayetumia lithiamu akifunga bila kunywa maji, akatoka jasho au kuharisha, kiwango cha dawa kwenye damu hupanda na kuwa sumu. Mikono kutetemeka sana, kutapika, kuyumba na kuongea kama mlevi ni dalili za kukimbia hospitali. Kabla ya Ramadhani amwone daktari.

Kuna tukio la hapa kwetu linaloonyesha nadharia zikigombana?

Lipo, nalo ni zuri kufundishia. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka bila kuacha. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, 95 kati ya wanafunzi 159 walikuwa wamekumbwa. Kucheka kulichanganyika na kulia na kukimbia, kwa saa chache hadi siku 16. Wasichana walirudishwa makwao, na hali ikajitokeza Nshamba, ambako watu zaidi ya 200 walipatwa, kisha katika shule nyingine.

Madaktari Rankin na Philip walianza na mwili, kama inavyotakiwa: homa, damu, chakula. Hawakupata kijidudu wala sumu. Kilichowapa fununu ni nani hakuugua. Walimu hawakuugua, wala watu wazima wenye elimu, ingawa hewa ilikuwa ileile. Nadharia ya kujifunza inaeleza njia ya kusambaa: kila aliyeugua alikuwa amemwona aliyeugua. Nadharia ya jamii inaeleza ardhi iliyopokea: wasichana wa miaka 12 hadi 18, mbali na nyumbani, chini ya nidhamu kali ya misheni, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika. Mfuasi wa Freud angesema mwili ulisema kilichokatazwa kusemwa. Kila moja ina kipande chake, na kipande cha walimu ndicho bora kuliko vyote kwa sababu kilipimika.

Nadharia zimewahi kutumika vibaya?

Zimetumika, na Nairobi ni mfano. John Carothers, aliyeongoza hospitali ya akili ya Mathari hadi mwaka 1950, aliandika ripoti iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 akidai Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba sonona ni adimu kwake. Mwaka uliofuata alieleza Mau Mau kama tatizo la kisaikolojia, ardhi ikiwekwa pembeni.

Kosa lake la kitaalamu ni la kukumbuka. Alihesabu waliofikishwa hospitalini, na aliyefikishwa ni yule aliyesumbua, aliyepiga watu au kuvua nguo sokoni. Mwenye sonona hukaa kimya kibandani, hakuna polisi anayemfuata. Orley na Wing walipokwenda vijiji viwili vya Uganda na kuuliza nyumba kwa nyumba, wakachapisha mwaka 1979, walikuta sonona nyingi kuliko kwa wanawake wa Camberwell.

Kwa nini vitabu vya utambuzi havitaji chanzo?

Kwa makusudi. DSM, kitabu cha Marekani cha kutambua magonjwa ya akili, iliondoa nadharia mwaka 1980 ili wataalamu wasiokubaliana juu ya chanzo waweze kukubaliana juu ya jina. Ndiyo maana sonona hutambuliwa kwa dalili 5 kati ya 9 kwa wiki mbili, bila kuuliza zimetoka wapi. Ugonjwa wa kiwewe ni tofauti kidogo: lazima kuwe na tukio. Jina la ugonjwa, basi, si maelezo. "Hatoki nyumbani kwa sababu ana sonona" ni kuzunguka na kurudi palepale.

Nikikaa na mgonjwa, nazitumiaje nadharia zote hizi?

Gawa karatasi mistari minne. Chukua mfano wa kubuni: dereva wa bodaboda, miaka 34, sonona kwa wiki saba baada ya ajali.

Kilichomweka karibu: baba yake aliwahi kulazwa kwa bipola, alihamahama kwa ndugu tangu miaka tisa. Kilichowasha: mguu ulivunjika, pikipiki ya mkataba ikachukuliwa. Kinachoendeleza: deni, usiku halali, mchana hatoki, anakwepa kijiwe kwa aibu, jioni anakunywa ili alale, na pombe inamwamsha saa tisa. Kinachokinga: dada anayepiga simu kila Jumapili, ufundi wa injini, msikiti.

Anayeanza kazi hii hutumia saa nzima kwenye mstari wa kwanza kwa sababu una hadithi tamu. Lakini utoto wake haubadiliki. Mstari wa tatu ndio unaobadilika, na ndani yake pombe na usingizi ndiyo mlango wa karibu. Anza hapo wiki ya kwanza, kijiwe wiki ya pili. Bipola ya baba inabaki muhimu kwa jambo moja: kabla ya kuandikiwa dawa ya sonona, muulize kama amewahi kuwa na siku kadhaa za kulala saa mbili tu, kuongea haraka na kutumia pesa ovyo bila kuchoka. Akisema ndiyo, dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha juu.

Muulize pia wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo.

Kama tatizo liko kwenye ubongo, ushauri nasaha utasaidia nini?

Mwaka 1992 Lewis Baxter na wenzake wa Los Angeles walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wakinawa mikono na kukagua milango bila kuweza kuacha. Kundi moja lilipewa dawa, jingine lilipewa mazoezi ya kugusa uchafu na kutonawa. Baada ya wiki kama 10, waliopona katika makundi yote mawili walionyesha badiliko lilelile, mahali palepale pa ubongo: kiini cha kaudeti upande wa kulia kilikuwa kimepunguza matumizi yake ya sukari.